Anatumika na Baba Yake

Ulijua, ukatazama pembeni. Usiniambie hukujua. Ulimsikia Bagula akinunua unga wa muhogo pale dukani, ukamkonyeza mwenzako: hawa Wakongo, Kiswahili chao kimevunjika miguu. Mkacheka. Halafu habari zilipozunguka kwamba amefukuzwa nyumbani kwake, mbali na mtoto wake, kwa sababu ya Kiswahili hichohicho, ghafla ulikuwa na haraka, gari umeliacha vibaya, mtoto anakusubiri shuleni.

Basi leo huna haraka. Kaa.

Ilikuwa hapa Columbus, Marekani, majira ya kuchipua, 2016. Bagula ni mtu wa Walungu, Kivu ya Kusini. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, zamu ya asubuhi. Mkewe, Gentille, anatunza wazee wa watu, anawaogesha na kuwalisha. Binti yao ni Séphora, miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Walipanga nusu ya nyumba kaskazini mwa mji, ukishapita Clintonville: vyumba vya kulala juu, jiko katikati, na besmenti chini kabisa, chumba cha ardhini chenye mashine ya kufulia nguo. Ngazi za kushuka kule ni za mbao, nyembamba, zimesimama kama zinataka kukusukuma.

Shuleni, mwalimu wa Séphora, Miss Becker, alikuwa na somo la kubuni vifaa. Sio somo la kukariri. Alisema hivi: mtafute mtu unayemjua, mtazame, uone kinachomtaabisha, kisha umtengenezee kitu cha kumpunguzia taabu. Chora, tengeneza, jaribu. Kikivunjika usilie, kimekufundisha. Tengeneza tena.

Séphora alimtazama mama yake. Akamwona anapanda zile ngazi na kapu la nguo mbichi kiunoni, anasimama katikati, anashika ukuta, anapumua. Akasema, nitatengeneza kigari cha kupanda ngazi.

Mbao alizitoa kwenye kitanda kilichotupwa barabarani. Bomba za plastiki alipewa na Miss Becker. Magurudumu aling'oa kwenye vigari vya watoto wachanga vilivyokufa. Akayafunga matatumatatu kila upande, yamekaa kama mafiga: moja likikwama kwenye ngazi, jingine linazunguka na kupanda juu yake. Kwenye karatasi kilipanda vizuri sana. Kwenye ngazi kilikuwa kinafika ya tatu, kinapindua kichwa, kinarudi chini na nguo zake zote.

Bagula hakujua chochote kuhusu magurudumu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama chini ya ngazi na kukidaka.

"Papa, shika vizuri!"

"Nimeshika. Yeee! Kitu yako imenipiga ku goti tena. Donc, hii ni gari ao ni mbuzi?"

"Ni ya kujaribu, Papa. Ni prototype."

"Prototype inapigaka bantu mateke?"

Séphora alicheka mpaka akaketi. Siku nyingine hakucheka. Siku ekseli ilipokatika mara ya pili alilia kwa hasira, kilio kirefu cha mtoto anayeona mikono yake haimtii. Bagula akamwambia, mama, panguza pua, tuendelee. Kwetu binti anaitwa mama, kwa heshima ya bibi yake. Gentille akapiga kelele kutoka jikoni, "Mupande sasa, chakula inapoa!" Na Bagula akajibu kutoka chini, "Ngoja kidogo! Tuko natumika!"

Sasa nisikilize hapa. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanza kuchezea simu.

Kwa watu wa Kivu, kutumika ni kufanya kazi. Ndiyo maana yake ya kila siku. Unatumika wapi? Natumika hospitali. Baba yake anatumika shamba. Mchungaji anawaombea vijana wapate pa kutumika na kanisa zima linasema amina. Hakuna anayefikiria kwamba watu hao wamegeuzwa koleo. Lakini ukivuka ziwa kwenda upande wa Tanzania, au ukifungua kamusi, kutumika ni kutumiwa. Koleo linatumika. Sabuni inatumika. Na ukisema msichana anatumika na mwanamume, watu wanafikiria uchafu wa kitandani. Na kale kaneno kadogo, na, kanaweza kuwa "pamoja na", kanaweza kuwa aliyelitenda tendo. Maneno mawili madogo. Mtu mzima aliyezaliwa ndani ya lugha hii angeuliza swali moja tu: mama, unamaanisha nini?

Jioni moja Miss Becker alipiga simu. Alikuwa na habari njema. Kigari kilikuwa kimepanda ngazi zote, na shule ilikuwa imemchagua Séphora kwenda Louisville, Kentucky, ambako shule za majimbo kadhaa zingeonyesha kazi za wanafunzi. Alitaka ruhusa ya mzazi, na alitaka maneno mawili matatu ya kuwaambia waamuzi. Kwa kuwa Gentille hajui Kiingereza cha kutosha, mwalimu aliunganisha mkalimani, mmoja wa hawa wa kwenye simu ambao huwaoni uso wala hujui wako mji gani. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kusoma taarifa ya habari.

"Habari za jioni, mama. Mwalimu anakupa hongera. Mtoto wako amechaguliwa kwenda Louisville."

"Aksanti! Mungu asifiwe! Aksanti sana!"

"Mwalimu anauliza, hapo nyumbani mambo yanakwendaje? Mtoto anafanyaje?"

"Bon. Uyu mutoto anatumika sana. Akitoka ku masomo, anashuka kule chini, mu besmenti, anatumika na baba yake. Miye minabakia juu, minapika. Hata akichoka, anatumika. Siku ingine minasikia analia, lakini baba yake anamwambia tuendelee. Njo vile. Tunafurahi sana."

Mkalimani hakumtafsiria mwalimu kwanza.

"Mama, umesema anatumika na baba yake?"

"Ee. Na baba yake."

"Kule chini."

"Kule chini, ee."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Gentille alicheka. "Minakosa kujua je! Si miye nilimutuma baba yake ashuke!"

Mkalimani akageukia Kiingereza. Aliongea kwa sauti ya chini na polepole. Gentille alisikia jina la mtoto wake, akasikia besmenti, kisha akasikia mwalimu anavuta pumzi. Miss Becker akasema thank you, thank you, mara mbili, simu ikakatika.

Bagula alipouliza, mkewe alimwambia, "Mwalimu amefurahi mpaka amekosa maneno."

Kesho yake watu wa ofisi ya watoto ya kaunti walifika shuleni kabla ya chakula cha mchana. Sheria inamtaka mwalimu aripoti, na aliripoti. Hilo silibishii. Walimtoa Séphora darasani wakamweka kwenye chumba chenye midoli, msichana wa miaka kumi na mitatu, wakamuuliza kwa Kiingereza: mama yako anasema baba yako anakutumia kule chini. Tueleze.

Mtoto aliwaomba warudie. Kisha akaelewa, kwa maana yeye peke yake katika mkasa huu ndiye aliyekuwa na lugha zote kichwani. Akawaambia, hapana, ni kazi, neno hilo ni kazi, tunatengeneza kigari! Akawaambia mara nyingi. Akapandisha sauti. Wakaandika kwamba mtoto anamkinga baba yake.

Jioni walikuwa mlangoni kwa Bagula. Mwanamke mmoja mpole, mwanamume mmoja na kamera, na polisi aliyesimama karibu na kiatu cha mtoto bila kukiona. Waliteremka besmenti, wakapiga picha ngazi. Wakapiga picha godoro kuukuu lililowekwa chini ili kigari kikianguka kisipasuke. Lile godoro, unaelewa? Lilipigwa picha nne pande zote.

Kisha yule mpole akasema, kupitia simu nyingine na mkalimani mwingine: uchunguzi unaendelea. Ama baba atoke ndani ya nyumba, ama mtoto aende kukaa kwa watu wengine.

Bagula hakubisha. Alikuwa bado na sare ya ghalani. Alimtazama mkewe, akatazama ukuta.

"Minatoka," alisema. "Mutoto abakie na mama yake."

Alitaka kushuka kuchukua koti lake la baridi lililotundikwa kule chini. Wakamzuia. Alipanda basi bila koti kwenda Buffalo, New York, kwa mdogo wake Jean-Baptiste, na wewe unajua Buffalo ilivyo hata mwezi wa nne. Kule akapata kazi kwenye kiwanda cha plastiki alikokuwa akifanya kazi mdogo wake. Hapa Columbus, ghala likamfuta kwa kutokuja.

Kwa siku chache watu walidhani ni jambo la kurekebishwa. Ni neno tu! Nani anaharibiwa nyumba kwa neno? Lakini kuna tunaokumbuka. Kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, kulikuwa na mzee aliyeulizwa na wazungu wa mahojiano ya kuletwa Marekani, watoto wako ni wangapi? Akahesabu na wa marehemu nduguye, kwa maana kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, hakuna neno jingine utakalomwita bila kumtukana. Wakapima damu. Wakamwambia ni mwongo. Ndege ikaondoka bila yeye na bila wote. Mkalimani wa siku ile alikuwa anajua. Alikuwa mtu wa kule kule! Alisema baadaye kwamba hakuulizwa maoni, aliulizwa kutafsiri.

Kwa hiyo mimi sikudhani ni jambo la kurekebishwa.

Gentille alikwenda ofisini kwao. Akaeleza. Yule mwanamke mpole akamsikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, akafungua kamusi kwenye kompyuta, akageuza kioo amwonyeshe. Pale paliandikwa: kutumika, kuwa katika matumizi. "Kiswahili ni Kiswahili," alisema. Wakaiuliza kampuni ya wakalimani, wakajibiwa mazungumzo hayarekodiwi na mkalimani anajulikana kwa namba, na namba haitolewi. Mtu aliyelisema neno hilo kwa Kiingereza akapotea kama moshi. Neno lenyewe halikupotea.

Kijana mmoja mwanasheria wa kujitolea akampa Gentille ushauri. Usilete mtu wa familia, usilete mtu wa kanisa lenu. Lete mkalimani mwenye cheti, anayejua Kiswahili cha kwenye kamusi na chenu pia, aje aseme mbele yao neno hili kwenu lina maana gani. Mtu mmoja tu anatosha.

Mtu huyo alikuwepo. Eliaichi, mama wa Kilimanjaro anayeishi Gahanna, pembeni mwa mji, ana cheti cha mahakama, na miaka yote amewatafsiria Wakongo hospitalini. Amepokea watoto wao wakizaliwa, yeye na daktari. Gentille alikwenda kwake na dumu la mafuta ya mawese, kwa maana huendi kuomba mikono mitupu.

"Karibu, Mama Séphora, karibu. Ungekuja tu, mafuta ya nini? Kaa. Nakuwekea chai."

"Dada Eliaichi, weye unajua kama kwetu kutumika ni kufanya kazi."

"Najua, mbona najua. Siku za kwanza mlinichekesha! Mgonjwa ananiambia mume wake anatumika na Wachina. Nikasema, Mungu wangu, wanamtumia kufanya nini?"

Walicheka wote wawili. Kwa muda mfupi ilionekana kazi imekwisha.

"Basi kuja useme ile. Jumatano, ku mukutano yao. Ni neno moja tu."

Eliaichi akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

"Mama Séphora, kujua ni kitu kimoja. Kwenda kuapa mbele ya watu ni kingine. Nikisimama kusema mkalimani mwenzangu alikosea, kesho nani ataniita kazini? Huu mji ni mdogo."

"Hautataja jina yake. Hata hatumujui."

"Na nyie nanyi, mmekaa Marekani miaka hii yote, mmekaa kambini Tanzania, mmeshindwa nini kujifunza Kiswahili cha watu?"

Swali hilo Gentille alikuwa amelisikia pote. Alikuwa amelizoea.

"Halafu, dada, samahani, usinielewe vibaya." Eliaichi alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Mimi sijui kinachotokea ndani ya nyumba ya mtu. Nikaape, halafu iwe ni kweli?"

Gentille aliweka kikombe mezani. Alisema, chai imenitosha, aksanti. Alipofika kwenye gari aliona ameyaacha mafuta, na hakurudi kuyachukua. Jumatano ile alikwenda peke yake, na ofisi ikaahirisha.

Louisville ikafika. Miss Becker, ambaye sasa alikuwa hawezi kumtazama Gentille machoni, alipigania mtoto asiondolewe kwenye orodha, na alifaulu. Gentille alipanda nao basi la shule. Lilikuwa jumba kubwa lenye meza nyingi, na kila meza na mtoto wake: mkono wa plastiki unaookota yai, chujio la maji, daraja la vijiti vya aiskrimu lililobeba tofali. Walikuwa wametengeneza ngazi za mbao kwa ajili ya kigari cha Séphora. Kilipakiwa taulo zilizolowa maji. Akakivuta. Kilipanda. Yale mafiga yalizunguka moja baada ya jingine, tak, tak, tak, mpaka juu, na watu walipiga makofi, wengine walisimama.

Mwamuzi alikuwa mzee mwenye mvi, mhandisi mstaafu, na alipendezwa kweli. Alipiga goti akazungusha gurudumu kwa kidole. Akauliza maswali ya maana, kwa nini matatu, kwa nini bomba hili. Mtoto alijibu vizuri. Kisha akatabasamu na kuuliza swali ambalo aliwauliza wote: na nyumbani, nani alifanya kazi nawe?

Séphora alimtazama mama yake.

Gentille hajui Kiingereza cha kutosha, lakini swali lile alilielewa, na jibu alilielewa.

"Nobody," mtoto alisema. Hakuna mtu.

"Hata kukishika tu kisianguke?"

"Nobody. Kilikuwa kinaanguka tu."

Mzee akaandika. Alisema ni ajabu, msichana mdogo hivi, peke yake. Wakampa utepe wa bluu na kumpiga picha.

Jioni, hotelini, Gentille alipiga Buffalo. Ofisi inaruhusu simu ikiwa mama yupo anasikiliza. Aliweka sauti ya juu.

"Mama yangu!" Bagula alipaza sauti, nyuma yake mashine za kiwanda zinanguruma, alikuwa kwenye mapumziko. "Ilipanda?"

"Yeah."

"Mpaka juu kabisa?"

"Yeah, Papa."

"Yeee! Ile mbuzi imepanda! Jean-Baptiste, unasikia? Imepanda!" Walimsikia anawaambia wenzake, na mtu akampigia makofi. "Bon, sasa niambie. Bale bazee bakubwa, walikuuliza nini? Uliwaambia namna tulitumika?"

Séphora aliziba masikio. Mtoto mkubwa vile, kwa viganja vyote viwili.

"Papa, please. Usiseme ile neno."

"Neno gani, mama?"

"Usiseme. Please. Don't say it."

Mashine zilinguruma. Bagula aliuliza tena, neno gani, nimesema nini, na hakuna aliyemjibu, kwa maana kulijibu ni kulitaja. Kisha king'ora cha kiwanda kikalia na mapumziko yake yakaisha.

Tangu siku hiyo mtoto hasemi Kiswahili. Mama yake akiongea naye, anajibu kwa Kiingereza kifupi. Gentille akiaga asubuhi, naenda kutumika, mlango wa chumba cha juu unafungwa. Kwa hiyo Gentille naye ameacha kusema anakokwenda. Anatoka tu. Jean-Baptiste anasema kaka yake kule Buffalo amepunguza maneno. Anapanga sentensi kwanza kichwani, kama mtu anayekanyaga barafu, na nyingine anaziacha.

Faili bado liko wazi. Mkutano mwingine ni Jumatano hii, saa tatu asubuhi, ofisi ya kaunti. Gentille atakuwa kwenye benchi la nje na kitambaa chake cha kanisani. Mtu akitokea na cheti, akasema mbele yao kwamba kwa watu hawa kutumika ni kufanya kazi, Bagula anaweza kupanda basi jioni ileile. Mtu asipotokea, wataahirisha, au watafunga faili kwa namna ambayo hatarudi.

Una cheti. Au mkeo anacho, au shemeji yako, au yule mliyeketi naye harusini. Na mmoja wenu ninyi wakalimani, popote alipo, ndiye aliyepokea simu ile ya Miss Becker. Unaijua sauti yako mwenyewe. Hakuna anayetaka jina lako gazetini. Usiniandikie pole, usinitumie mistari ya Biblia. Namba ya Gentille anayo kila mwenye duka la vyakula vya kwetu katika mji huu. Inuka, iombe, mpigie kabla hujala, umwambie nitakuja. Kisha uje.